Kutoka Mhuni hadi Mlinzi Shirikishi: Kijana Asiye na Ajira na Mageuzi ya Ulinzi katika Jiji la Dar es Salaam, 1919–2023

Ikisiri

Makala hii inachunguza mageuzi ya ulinzi katika jiji la Dar es Salaam tangu kuanzishwa kwa Jeshi la Polisi la Tanganyika mwaka 1919 hadi kuwasilishwa kwa ripoti ya Tume ya Haki Jinai mwaka 2023. Hoja yake kuu ni kwamba, katika vipindi vyote, mageuzi hayo yalimzunguka mtu mmoja: kijana wa mjini asiye na kazi inayotambuliwa na dola. Wakoloni walimkamata na kumrudisha kwao. Serikali ya uhuru ilimkamata ili akalime, na wakati huohuo chama kikamtumia kukamata wenzake. Tangu miaka ya 1990 amekabidhiwa filimbi na rungu alinde mtaa. Makala inadai kwamba kilichohamishwa mara zote ni kazi ya ulinzi, ilhali malipo, mafunzo na uwajibikaji viliachwa nyuma. Kwa sababu hiyo, kila wimbi la uhalifu lilipozuka jiji lilirejea katika mbinu yake ya kale, yaani msako.

1.0 Utangulizi

Swali la namna jiji linavyoweza kuyabadili majeshi yake ya ulinzi ili kupunguza uhalifu huulizwa mara nyingi kama swali la kitaalamu: askari wangapi, magari mangapi, vituo vingapi. Historia ya Dar es Salaam inaonesha kwamba kabla ya maswali hayo kuna swali jingine lililo zito zaidi, nalo ni hili: anayelinda anamlinda nani, na anawajibika kwa nani?

Ukuaji wa jiji lenyewe unalipa swali hilo uzito. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu wakazi takribani 129,000. Miaka kumi baadaye walikuwa takribani 273,000. Sensa ya 1978 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam ukiwa na watu zaidi ya 840,000, ile ya 2012 ikahesabu 4,364,541, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hakuna jeshi la polisi ambalo lingeweza kukua kwa kasi hiyo. Tangu mwanzo, basi, dola ililazimika kuchagua mitaa ya kulindwa na askari wake, mitaa ya kujilinda yenyewe, na watu wa kuhesabiwa kuwa tishio.

Wanahistoria wamekwisha kuzishughulikia sehemu za habari hii. Andrew Burton amechunguza uhalifu na utawala wa kikoloni mjini humo hadi mwaka 1961. James Brennan ameandika juu ya Vijana wa TANU. Ray Abrahams amewatafiti sungusungu wa vijijini, na Charlotte Cross ameuchunguza ulinzi shirikishi wa miaka ya karibuni. Kazi hizo kwa kawaida husomwa mbalimbali, kila moja katika kipindi chake. Zikisomwa pamoja, zinamfichua mhusika anayejirudia katika kila sura, naye ndiye anayefuatwa na makala hii.

2.0 Mji wa kanda tatu na mtu asiyetakiwa, 1919–1961

Waingereza waliurithi mji ambao Wajerumani walikuwa wamekwisha kuanza kuugawa kwa rangi. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 mgawanyo huo ulikuwa umethibitishwa kwa kanuni za ujenzi zilizoweka kanda tatu: Uzunguni kwa nyumba za Kizungu, eneo la biashara lililoitwa Uhindini, na eneo la Waafrika lililokuwa na kitovu chake Kariakoo. Kati ya eneo la Waafrika na kanda nyingine paliachwa uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja. Ramani hiyo ya makazi ndiyo iliyokuwa pia ramani ya ulinzi. Doria zilielekezwa zaidi mahali palipokuwa na mali ya Wazungu na maduka ya Wahindi. Kariakoo, palipoishi watu wengi zaidi, polisi walionekana hasa walipokuja kutafuta mtu: mdaiwa wa kodi, mpika pombe bila kibali, au mgeni asiye na kazi.

Mtu huyo wa mwisho ndiye aliyepewa jina la mhuni. Neno hilo lilikuwa na maana zake katika Kiswahili cha pwani kabla ya Mwingereza, na mjini lilitumiwa pia na wazee wa Kiafrika walioudhiwa na tabia za vijana. Katika kinywa cha dola, hata hivyo, lilipata makali mapya. Mhuni alikuwa mtu ambaye hali yake ya maisha ilihesabiwa kuwa kosa, hata kama hakuna aliyemshuhudia akiiba. Sheria ya mwaka 1923 kuhusu watu mafukara iliruhusu kuondolewa mjini kwa wale wasio na namna ya kujikimu. Kanuni ya adhabu iliwatambua wazururaji na wazembe kama aina ya wakosaji. Sheria ya mwaka 1944 ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa ikaupanua zaidi uwezo huo wa maofisa.

Utekelezaji wake ulikuwa msako. Askari walizingira eneo alfajiri, wakadai risiti ya kodi au uthibitisho wa ajira, na aliyeshindwa kuvionesha akapelekwa kituoni na baadaye kusafirishwa hadi wilaya yake ya asili. Katika miaka ya 1950, mji ulipokuwa ukipokea vijana wengi waliomaliza shule za awali na kukosa nafasi, misako hiyo ilishika kasi. Burton anaonesha kwamba wengi wa waliorudishwa walirejea mjini baada ya muda mfupi. Njia waliijua, na sababu zilizowaondoa vijijini zilikuwa zingali palepale.

Mambo mawili katika urithi huo yanafaa kushikwa. Kwanza, kipimo cha kazi ya polisi kilikuwa idadi ya watu walioondolewa. Usalama wa mkazi wa Kariakoo aliyevunjiwa nyumba haukuingia katika hesabu hiyo. Pili, mkazi huyo alizoea kumwona askari kama mtu wa kuogopwa hata na asiye na hatia, na hivyo alikuwa na sababu chache za kumpelekea habari. Polisi asiyeletewa habari hana budi kukisia, na anayekisia hukamata kwa sura: ujana, mavazi, kukaa kijiweni. Msako ulizaliwa na uhaba wa habari, nao ukauzidisha uhaba huohuo.

3.0 Mjumbe, Vijana wa TANU na Nguvu Kazi, 1961–1985

Uhuru ulibadili waliokaa ofisini haraka kuliko ulivyobadili sheria walizozikuta mezani. Serikali mpya ilikuwa na sababu yake ya kumchukia mzururaji. Mkoloni alimwona kuwa hatari kwa mali. Chama cha ukombozi kilimwona kuwa mnyonyaji, mtu anayekula jasho la mkulima. Lugha ilikuwa mpya, ila lori la kumpeleka kijijini lilikuwa lilelile.

Jipya zaidi lilikuwa ni nani aliyetumwa kumkamata. Brennan ameonesha kwamba Vijana wa TANU walipata wanachama wao wengi miongoni mwa vijana wa mjini wasio na ajira ya kudumu, na kwamba chama kiliwapa kazi za ulinzi: kusimamia mikutano, kukagua kadi, kushiriki katika misako ya wazururaji. Kwa mara ya kwanza kijana aliyekuwa katika hatari ya kukamatwa aliweza kujinusuru kwa kuwa mkamataji. Mwaka 1968 Vijana wa TANU walipotangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na mavazi mengine yaliyoitwa ya kigeni, wanawake kadhaa walishambuliwa hadharani katika mitaa ya Kariakoo, na polisi wakalazimika kuingilia kati. Tukio hilo lilifunua udhaifu wa mpango mzima: waliopewa mamlaka ya kulinda maadili walikuwa na chama cha kuwatuma, lakini wakazi hawakuwa na pa kuwashtaki.

Sambamba na hilo kulijengwa asasi nyingine, yenye historia ya heri zaidi. Baada ya uasi wa askari wa Januari 1964, ambao uliacha mitaa ya Dar es Salaam ikiporwa huku dola ikiwa haina wa kumtuma, TANU iliharakisha mpango wake wa mashina ya nyumba kumi. Kila nyumba kumi zilimchagua mjumbe wao, aliyeitwa pia balozi. Mjumbe alisuluhisha ugomvi wa majirani, alimfahamu mgeni aliyelala kwa nani, aliandika barua ya utambulisho, na alisindikizana na askari walipokuja kupekua nyumba. Kwa mtazamo wa chama alikuwa jicho lake mtaani. Kwa mtazamo wa mkazi alikuwa pia mlango wa kwanza wa kubisha hodi pakitokea wizi usiku.

Asasi hiyo ilipunguza kile ambacho msako haukuweza kukipunguza, yaani umbali kati ya anayejua na anayetakiwa kutenda. Mjumbe aliishi palepale, alijulikana kwa jina, na aliweza kunyimwa kura. Mipaka yake ilikuwa wazi vilevile. Uaminifu wake wa mwisho ulikuwa kwa chama. Aliyetofautiana na chama, au aliyepanga chumba bila kujulikana, alikuwa na sababu ya kumkwepa.

Wala uwepo wa mjumbe haukuisitisha misako. Mwaka 1976 kulitangazwa operesheni ya kila mtu afanye kazi, na mwaka 1983 Bunge likapitisha sheria iliyojulikana zaidi kwa jina la Nguvu Kazi. Ilipoanza kutekelezwa mjini, ilikuwa vigumu kumtenganisha mzururaji na mchuuzi wa karanga, fundi viatu wa barazani au mama anayeuza vitumbua. Uchumi ulikuwa umeporomoka, mishahara haikutosha nusu ya mwezi, na jiji lilikuwa likiishi kwa shughuli hizohizo zilizoonekana kuwa uzembe. Ilibidi baadhi ya wafanyabiashara wadogo watambuliwe kwa leseni. Waliosafirishwa walirudi, kama walivyorudi baba zao katika miaka ya 1950.

4.0 Sungusungu waingia mjini, 1989–2000

Wakati Dar es Salaam ikihangaika na Nguvu Kazi, katika vijiji vya Usukuma na Unyamwezi wananchi walikuwa wamekwisha kuchukua hatua yao wenyewe. Baada ya vita vya Kagera silaha zilienea na wizi wa ng'ombe ukawa wa mabavu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijiji vilianzisha vikundi vya ulinzi vilivyokuja kujulikana kama sungusungu. Abrahams anavieleza kuwa mwitiko wa jamii ambayo polisi walikuwa mbali nayo na mahakama zilikuwa polepole mno. Viongozi wa chama waliviunga mkono, japo kulikuwa na malalamiko ya mateso na mauaji, hasa ya wanawake wazee waliotuhumiwa uchawi. Mwaka 1989 marekebisho ya sheria za mgambo yaliviingiza vikundi hivyo katika sheria na kuvipa uwezo wa kukamata.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Augustine Mrema akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, mfumo huo ulisukumwa uingie mijini. Kaya zilitakiwa kutoa mtu wa kulinda zamu usiku au kuchangia fedha. Hapa panafaa kutazamwa tofauti ambayo waliotoa maagizo hawakuipa uzito. Kijijini sungusungu waliwajibika kwa ukoo, kwa wazee na kwa mkutano wa hadhara, na ng'ombe walioibwa walikuwa mali iliyojulikana na wote. Mtaani Manzese au Tandika, jirani wa mkono wa kulia alikuwa mpangaji wa miezi mitatu. Mwenye kipato alilipa fedha ili alale, na asiye nacho akakesha. Haukupita muda mrefu kabla ya zamu kugeuka ajira ya vijana wachache waliokuwa hawana la kufanya mchana.

Kipindi hicho kilikuwa pia cha kubadilika kwa ngazi za chini za utawala. Vyama vingi viliporejea mwaka 1992, mjumbe wa nyumba kumi alibaki kuwa kiongozi wa shina la CCM, na shughuli nyingi za kiserikali zikaangukia serikali ya mtaa na mwenyekiti wake wa kuchaguliwa. Ulinzi ukapata hivyo anwani mpya, lakini anwani isiyo na fungu la fedha.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Dar es Salaam ilijiunga na mpango wa Miji Salama ulioratibiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la makazi. Mchango wake mkubwa kwa historia hii ulikuwa wa kipimo. Mwaka 2000 ulifanyika utafiti uliowauliza wakazi wenyewe kama wamekwisha kutendewa uhalifu, badala ya kutegemea yale yaliyofika katika daftari la kituo. Kuvunjiwa nyumba ndiko kulikojitokeza zaidi. Kwa mara ya kwanza mkazi wa kawaida aliingia katika takwimu kama mtu aliyeibiwa, baada ya miaka themanini ya kuhesabiwa kama mtu aliyekamatwa. Kipimo hicho hakikufanywa kuwa desturi ya kudumu, na hasara yake inaonekana katika kipindi kilichofuata.

5.0 Polisi jamii na ulinzi shirikishi, 2006–2015

Mwaka 2006 ulianza kwa aibu. Mwezi Januari wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge pamoja na dereva wao wa teksi waliuawa jijini mikononi mwa polisi, na maelezo ya kwanza yakawa kwamba walikuwa majambazi. Tume iliyoongozwa na Jaji Mussa Kipenka ilithibitisha kwamba hawakuwa majambazi. Katika mwaka huohuo Said Mwema aliteuliwa kuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, na chini yake falsafa ya polisi jamii ikawa sera ya jeshi zima. Askari walipangiwa kata, wakazi walihimizwa kutoa taarifa, na vikundi vya mitaani vikapewa jina jipya la ulinzi shirikishi.

Mageuzi hayo hayastahili kubezwa. Yalikiri hadharani jambo ambalo tangu 1919 lilikuwa halijakiriwa: kwamba bila imani ya mkazi polisi ni kipofu. Askari aliyepangiwa kata alianza kujulikana kwa jina. Kamati za ulinzi na usalama za mitaa zilipata mtu wa kuzungumza naye. Katika mitaa ambayo mwenyekiti alikuwa hodari na michango ikikusanywa kwa uwazi, doria za usiku zilidumu.

Utafiti wa Cross, hata hivyo, unaonesha mzigo uliangukia wapi. Vijana walioifanya kazi hiyo walitegemea michango ya kaya, ambayo ilikuja na kukatika. Wengi waliikubali wakitumaini ingewafungulia mlango wa ajira ya kudumu, labda katika mgambo au jeshi lenyewe. Vifaa vyao vilikuwa filimbi, tochi na rungu. Mamlaka yao hayakueleweka vizuri kwao wenyewe wala kwa waliowakamata. Wakazi waliwahitaji na waliwashuku kwa wakati mmoja, kwa kuwa walikuwa vijana walewale wa kijiweni waliokuwa wakishukiwa mchana. Polisi nao waliwatumia kama macho na masikio yao, lakini mambo yalipoharibika hawakuwahesabu kuwa wao.

Hapa ndipo mkondo mrefu wa historia unapoonekana. Mhuni wa 1944 na mlinzi shirikishi wa 2010 ni mtu mmoja katika hali moja ya maisha. Dola imebadili kile inachomtaka afanye, lakini haijabadili inachompa. Mlinzi asiye na mshahara, mkataba, orodha inayojulikana wala pa kushtakiwa ana vishawishi vitatu: kuacha kazi, kujilipa kwa kuwatoza anaowakamata, au kumaliza kesi papohapo kwa kipigo. Kishawishi hicho cha mwisho hukutana na tabia pana zaidi ya jamii. Ripoti za mwaka za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikihesabu mamia ya watu wanaouawa nchini na makundi ya wananchi wenye hasira kali. Anayempiga mwizi hadi kufa ametoa hukumu juu ya mwizi na juu ya kituo cha polisi kwa pamoja.

Udhaifu wa mfumo ulidhihirika Januari 2015, pale makundi ya vijana yaliyoitwa Panya Road yalipozua taharuki katika maeneo kadhaa ya jiji kwa jioni moja. Jibu lilikuwa misako mikubwa iliyokamata mamia ya vijana katika siku chache. Mwaka 2022 makundi ya jina hilohilo yaliporejea, misako nayo ilirejea, na baadhi ya watuhumiwa waliuawa na polisi. Miaka kadhaa ya polisi jamii haikuwa imelipa jiji njia ya kumtambua mhalifu kwa jina miongoni mwa vijana wa mtaa wake, ingawa kwa nadharia kila mtaa ulikuwa na walinzi waliowafahamu vijana hao. Habari zilikuwepo mtaani. Kilichokosekana ni sababu ya kumfanya aliyekuwa nazo azipeleke bila kuogopa kwamba nduguye angekamatwa pamoja na wengine wote, au kwamba jina lake lingevuja.

6.0 Mfano wa kulinganisha: nyumba kumi zahamia Nairobi

Historia ya Dar es Salaam ina tawi lake Nairobi, na tawi hilo linasaidia kuipima hoja ya makala hii. Baada ya shambulio la jengo la biashara la Westgate tarehe 21 Septemba 2013, lililoua watu 67, serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa ulinzi wa jamii ulioitwa Nyumba Kumi, ukichukua jina na wazo kutoka Tanzania. Mazingira ya kisheria yalikuwa tofauti kabisa. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikuwa imeunda Huduma ya Taifa ya Polisi badala ya jeshi la zamani. Sheria ya mwaka 2011 ilikuwa imeweka kamati za polisi na jamii, na mwaka huohuo iliundwa mamlaka huru ya kiraia ya kusimamia mwenendo wa polisi.

Nyumba Kumi ilikuja kama agizo la kiutawala kando ya kamati hizo zilizokuwa tayari katika sheria. Ilihamisha kutoka Dar es Salaam umbo la asasi bila uhai wake. Mjumbe wa miaka ya 1960 alikuwa msuluhishi, mwandishi wa barua na mdhamini kabla ya kuwa mtoa habari. Mwenzake wa Nairobi aliombwa hasa atoe habari. Katika majengo ya ghorofa ambamo wapangaji hawajuani, ombi hilo lilipokewa kwa mashaka. Aprili 2014, operesheni ya usalama iliyoanza Eastleigh ilikamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, na wengine wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Mkazi aliyeombwa leo amwamini polisi, na kesho akazingirwa naye, alikuwa na haki ya kuuliza ni yupi kati ya hao wawili aliye polisi wa kweli.

Ulinganisho huu unaonesha mapungufu yanayokabiliana kama picha na kioo. Nairobi ilikuwa na uwajibikaji juu, katika mamlaka huru iliyoweza kuchunguza operesheni hiyo na kuikosoa, lakini ilikosa chini mtu aliyechaguliwa na kuaminiwa na wakazi. Dar es Salaam ilikuwa na mwenyekiti wa kuchaguliwa chini, lakini ilikosa juu chombo huru cha kiraia kilichoundwa mahsusi kwa malalamiko dhidi ya polisi, zaidi ya mamlaka ya jumla ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Katika miji yote miwili, ngazi iliyokosekana iliidhoofisha ile iliyokuwepo.

7.0 Mjadala na hitimisho

Ripoti ya Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhiwa kwa Rais Julai 2023, ilitaka Jeshi la Polisi lijengwe upya na kuelekezwa katika utoaji wa huduma. Pendekezo hilo linafungua tena mjadala wa miaka mia moja. Historia iliyochambuliwa hapa haitoi ramani ya mageuzi, lakini inatoa vigezo vinne vya kuyapimia.

Cha kwanza ni malipo. Ulinzi wa mtaa ukiendelea kutegemea mchango wa hiari, mitaa maskini, ambayo ndiyo inayovunjiwa nyumba, itaendelea kulindwa vibaya zaidi. Mlinzi anayelipwa kutoka fungu la manispaa, aliyesajiliwa na kupewa mafunzo, anaweza kuwajibishwa. Anayelipwa kwa bahati hawezi.

Cha pili ni mahali pa kushtaki. Mamlaka ya kukamata yalishuka hadi mtaani mwaka 1989. Njia ya kulalamikia matumizi mabaya ya mamlaka hayo haikushuka nayo. Mkutano wa mtaa ambao askari wa kata na walinzi wanatoa taarifa mbele ya wakazi ungekuwa mwanzo, ilimradi uwe na ngazi huru juu yake.

Cha tatu ni kipimo. Takwimu za kituo huhesabu yaliyoripotiwa. Imani ikiongezeka, taarifa huongezeka, na mageuzi yaliyofaulu yanaweza kuonekana katika daftari kama ongezeko la uhalifu. Utafiti wa mwaka 2000 ulionesha njia ya kulikwepa kosa hilo kwa kuwauliza wakazi moja kwa moja. Kurudiwa kwake mara kwa mara kungelipa jiji kumbukumbu ambayo kwa sasa halina.

Cha nne, ambacho hivyo vitatu hukitegemea, ni kuuacha msako. Maadamu hali ya kutokuwa na kazi inayotambuliwa inabaki kuwa sababu ya kutiwa mbaroni, kila kijana wa mjini ana sababu ya kumkimbia askari, pamoja na yule anayelinda usiku. Tangu 1919 mbinu hiyo imejaribiwa chini ya magavana, chini ya chama kimoja na chini ya vyama vingi. Waliosafirishwa walirudi, na waliokamatwa kwa mamia waliachiwa kwa mamia, wakirejea mitaani wakiwa na chuki mpya na ushahidi uleule usiokuwepo.

Jiji limekuwa likimwogopa kijana huyu na kumhitaji kwa zaidi ya karne moja. Limempa majina mengi: mhuni, mzururaji, mnyonyaji, kijana wa TANU, sungusungu, mlinzi shirikishi. Mageuzi yatakayopunguza uhalifu yatalazimika kumpa hadhi ambayo majina hayo yote yameikwepa, ile ya mkazi mwenye haki ya kulindwa na, anapolinda, mwenye haki ya ujira na wajibu wa kujibu.